Mwenye Breki Ndiye Dereva

Kwenye ukuta wa shule ya udereva ya Mwalimu Belgasem, pale mtaa wa Jara mjini Gabes, palikuwa na maneno ya rangi nyekundu, kila herufi kubwa kama mkate: MWENYE BREKI NDIYE DEREVA. Aliyapaka mwenyewe mwaka aliofungua shule, miaka ishirini na sita iliyopita, na tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyepanda gari lake bila kuyasoma kwanza kwa sauti. Gari la kufundishia, kama mjuavyo, lina breki mbili na klachi mbili, za mwanafunzi upande wake na za mwalimu upande wake. Mwanafunzi anashika usukani, haya, na ashike. Lakini siku gari likielekea ndani ya duka la mtu, atakayelisimamisha ni mwalimu. "Wewe ni abiria aliyeshika usukani," alikuwa akiwaambia. "Dereva ni mimi. Nikilala mimi, gari halina dereva."

Yashikeni maneno hayo, maana ndiyo yaliyomponza.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, shingo ndefu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Mvinyo hakuwahi kuuonja. Mlango wa baa akiuona mbele yake, alivuka barabara na kupita upande wa pili, na akishapita anavuka tena kurudi. Katika somo zima la sheria za barabarani, sura aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya ulevi. Angeweza kuisema dakika arobaini bila kumeza mate, na picha ya gari lililokunjamana mkononi, na kila mara akaimaliza kwa maneno yale yale: mlevi ni mtu wa mwisho mjini kujua kwamba amelewa. Wanafunzi walikuwa wakitazamana na kuinamisha vichwa. Yeye alidhani wameingiwa na hofu.

Kitu kimoja tu alikipenda kupita kiasi, nacho ni lagmi, yaani tembo la mtende. Mgema wake alikuwa Ami Dhaw, mzee wa huko bustanini Chenini, aliyekuwa akipanda mtende kabla ya adhana na kuteremka na mtungi uliojaa. Tembo la saa hiyo ni tamu, watoto wanapewa, imamu anakunywa. Likipigwa na jua linaanza kutoa povu, likifika adhuhuri linageuka kitu kingine kabisa, na hilo kila mtu wa Gabes analijua. Ila sisi watu wa Gabes tuna hesabu yetu. Tembo kwetu hupewa jina kwa saa lilipoteremshwa. Lililoteremshwa alfajiri ni tamu, lililolala ni kali, basi. Ukishanunua tamu, umenunua tamu, na hakuna wa kukwambia vinginevyo mpaka jua lizame.

Kwa hesabu hiyo Mwalimu Belgasem alinunua chupa mbili kila asubuhi baada ya sala, akazipachika mfukoni mwa mlango wa gari, na kwa kila mwanafunzi akanywa kikombe. Gari lenyewe halikuwa na kipoza hewa, na mwezi wa saba gari lililofungwa madirisha Gabes mkate unaweza kuiva ndani yake. Jina la tembo lilibaki tamu. Kilichokuwa ndani ya chupa kilikwenda na njia yake.

Ndiyo maana somo lake la saa mbili lilikuwa jehanamu na somo la saa tano lilikuwa pepo. Saa mbili alikupigia kelele ukisahau kioo. Saa tano ungeweza kukwaruza ukuta wa posta naye akakwambia usijali, mwanangu, hata ukuta umefurahi. Watu walipigania saa tano. Mkewe, Bi Mabruka, ndiye aliyekuwa akiandika zamu, na wakati wa joto alikuwa akiletewa makomamanga na mayai na akina mama waliotaka binti zao waandikwe saa hiyo. Mwalimu mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Alisema mwili ukishapata joto la kazi, moyo nao unalainika.

Sasa, Bi Zazia. Huyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Marehemu mumewe alimwachia gari la kubebea mizigo, limefunikwa shuka uani, na dada yake alikuwa akiishi Matmata, kule milimani. Kila akitaka kwenda kumwona ilibidi awabembeleze mashemeji, na mashemeji wakawa na sababu: huyu ana mgongo, yule ana mgeni. Siku moja akachoka. Akavua shuka juu ya gari, akaifua, akaenda kujiandikisha udereva. Miaka miwili imepita, na mtihani wa maswali alikuwa ameshaanguka mara nne.

Si kwamba hakuwa na akili. Alikuwa nazo, tena za ziada. Mtahini akimwonyesha picha ya njia panda na magari matatu, akimwuliza nani apite kwanza, Bi Zazia alitaka kujua kwanza wanakwenda wapi. Huenda yule wa kushoto ana mgonjwa. Mwalimu alikuwa amemwambia mara mia: usiulize, jibu tu kama nilivyokufundisha, neno kwa neno. Nyumbani aliyasema yote vizuri mbele ya kuku wake. Akifika mbele ya meza ya mtahini, mwenye chupa yake ya maji na miwani yake, ulimi unamfunga.

Ajali ilitokea Alhamisi, na ilikuwa zamu ya saa tano. Bi Zazia alikuwa mtu nadhifu. Alipoingia garini akaiona ile chupa, kifuniko kimelegezwa, ndani kuna kitu cheupe cheupe. Akadhani ni maziwa. Akasema moyoni wanaume hawa, maziwa yatamwagika, akakikaza kifuniko kwa nguvu zote alizojaliwa, naye kwa kukanda unga amejaliwa mikono. Wenye kujua tembo wameshanielewa. Hewa ikajikusanya humo ndani kwa dakika arobaini huku wanazunguka mji, mwalimu akimsifu kwa kila kona, kona nzuri na kona mbaya. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara uitwao Mtungi, chupa ikalia kama bunduki.

Bi Zazia akakanyaga mafuta. Mwalimu, miwani imejaa povu, akakanyaga kwa uzoefu wote wa miaka ishirini na sita, ila alikanyaga klachi. Gari likapanda mzunguko, likavuka maua ya baraza la mji, likaenda kujiegemeza kwenye mnara wa katikati, ule mtungi mkubwa wa saruji, magurudumu ya mbele juu, yanazunguka taratibu. Mtungi ule ulijengwa umwage maji, na haukuwahi kumwaga tone tangu siku ya kufunguliwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, watu wa Gabes waliona kitu kinatiririka ubavuni mwake.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Askari wa barabarani wawili wakaja, na kwa kuwa pametokea ajali, wakatoa kipimo cha ulevi kama desturi. Bi Zazia akapuliza, sifuri. Mwalimu akacheka. Akawaambia wampime na yeye, maana miaka yote amekuwa akikifundisha kipimo hicho kwa mchoro. Akakishika, akamwelekeza yule askari kijana jinsi ya kumwelekeza mtu: pumzi moja ndefu, usikate. Akapuliza.

Askari akaangalia namba. Akakigongagonga kipimo kwenye kiganja, akabadilisha mdomo wa plastiki, akaomba apulize tena. Namba ya pili ikaja ile ile. Ilikuwa imepita kiwango cha dereva yeyote yule, sembuse mwalimu.

"Ami," akasema yule askari kwa adabu, "umekunywa nini?"

"Lagmi tamu. Ya alfajiri."

"Saa hizi ni adhuhuri, ami."

Mwalimu akakataa katakata. Akasema mashine imeungua jua, apimwe damu, kwa sababu damu isiyojua mvinyo haiwezi kusema uongo. Na ili damu itulie akaomba muda. Akanywa vikombe vitatu vya kahawa kwa mfululizo, akajimwagia maji kichwani, akauzunguka mtungi mara saba mbele ya umati, watu wakihesabu. Basi hospitali damu ikapimwa, na matokeo yakawa juu kuliko yale ya kwanza, maana kikombe chake cha mwisho kilikuwa bado kinapanda. Kahawa haimwondolei mtu pombe. Unapata mlevi yule yule, ila hana usingizi.

Wakamchukulia leseni. Leseni hiyo alikuwa akiiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, ndani ya plastiki, na usiku Bi Mabruka aliitoa kabla ya kufua. Ikitiwa muhuri wa kufungiwa na hakimu, shule inafungwa, na yeye duniani hakujua kazi nyingine yoyote. Alirudi nyumbani kwa miguu, mkono umeshika mfuko mtupu.

Mkabala na shule palikuwa na kinyozi, Lamjed, mtu asiyejua kuendesha hata baiskeli, lakini sheria alizijua zote. Siku tatu kiti chake hakikukauka watu wenye mashauri. Mmoja alisema mwalimu angekunywa kijiko cha mafuta ya zeituni kabla, tumbo likateleza. Mwingine alisema ni majani ya kotimiri. Wa tatu alikuwa na binamu aliyeweka sarafu chini ya ulimi, mashine ikachanganyikiwa, ingawa walipombana zaidi ikaonekana binamu alifungwa miezi miwili. Lamjed aliwanyamazisha wote kwa wembe. Kwake yeye kosa la kwanza lilikuwa kupuliza. Angekataa, ushahidi ungetoka wapi? La pili, angehamia kiti cha nyuma akalala, kwa sababu aliyelala haendeshi. La tatu, na hapa alishusha sauti, gari lilikuwa juu ya mnara. Sheria ni za barabarani. Mnara si barabara.

Mwalimu aliyabeba yote hayo, akayapeleka kwa wakili. Wakili mwenyewe, Ibtihal, alikuwa binti aliyemfundisha udereva miaka tisa nyuma, sasa ana ofisi juu ya duka la dawa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kwenye habari ya mnara alivua miwani akafuta machozi ya kicheko, kisha akaivaa tena na kumweleza polepole. Kukataa kupuliza ni kosa zito sawa na kupuliza na namba ikazidi. Kulala hakusaidii, yeye ana wateja wawili waliokamatwa wanakoroma, funguo mkononi. Na gari halikushuka mnarani kutoka mbinguni, lilipitia barabarani. Kuhusu tembo, sheria haikutaja chupa wala mtende, imetaja kilichomo ndani ya damu.

"Lakini mimi sikuwa naendesha," akasema mwalimu. "Nilikuwa kiti cha abiria. Aliyeshika usukani ni Bi Zazia, na yeye hakunywa."

Alilisema hilo bila haya, yeye mwenye ukuta wake mwekundu. Ibtihal akamwambia kwamba mwalimu wa udereva ana breki miguuni na ndiye anayelisimamia gari, kwa hiyo hoja hiyo ni uzi mwembamba, unaweza kukatika. Njia nzuri ni kusimama, kukiri, kuomba radhi. Miaka ishirini na sita bila doa, hakimu ni binadamu, huenda akamfungia miezi mitatu tu. Akibisha na akashindwa, hakimu hatakuwa na la kumhurumia.

"Niombe radhi kwa ulevi? Mimi?"

"Mwalimu," akasema Ibtihal, akiangalia kalamu yake, "mimi nilikuwa wa saa tano. Mama yangu alitoa makomamanga."

Hakuelewa mara moja. Akaelewa kwenye ngazi, akashuka vidato viwili, akakaa. Miaka yote ile. Nyimbo alizoimba akifundisha kurudi nyuma. Siku aliyompa mkono mti na kumpongeza kwa kukaa upande wake wa barabara. Alifika nyumbani akamkuta Bi Mabruka anachambua dengu, akamwuliza kama alijua. Mkewe akastaajabu. Akasema alidhani yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana wakati wa joto anamtandikia mapema alale adhuhuri. Basi mji mzima ulijua, na wa mwisho kujua alikuwa yeye, kama alivyokuwa akifundisha.

Aibu ikamchoma mpaka masikioni. Na aibu ni mshauri mbaya kuliko kinyozi. Mtu mwenye kosa lake angeomba radhi, lakini mtu mwenye aibu hutaka dunia nzima iwe imekosea. Alichukua chokaa siku hiyo hiyo akapaka ukuta wa shule, ukawa mweupe pe, MWENYE BREKI hayupo wala DEREVA hayupo. Akamtumia wakili salamu kwamba atabisha. Ibtihal akajibu kwamba atamsimamia, lakini Bi Zazia aitwe aseme alichokiona tu, asiongezewe neno.

Lamjed alimwongezea. Alimwita dukani kwake, akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akamfundisha. "Ukiulizwa nani dereva, unasema ni mimi. Basi, hilo tu." Akamtaka ayarudie mara nane. Bi Zazia akauliza kama si uongo. Lamjed akamwuliza usukani ulikuwa mikononi mwa nani, akasema mwangu. Basi uongo uko wapi? Mjane akatikisa kichwa kukubali, ingawa uso haukukubali. Mwalimu Belgasem aliyaona hayo yote kupitia dirishani, akajitia hamnazo.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Somo zima la saa tano lilikuwepo, la mwaka huu na la miaka iliyopita, wameketi kama watu wa arusi upande wa bwana. Ami Dhaw naye alikuja, kanzu safi, na hasira zake. Alikuwa amesikia kwamba tembo lake ndilo lililomlewesha mtu mpaka akapanda mtungi, ingawa tangu hapo wateja wamezidi mara mbili. Hakimu alipomwita na kumwuliza kama huenda alitia maji, likapungua nguvu, mzee akaona ametukanwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, lakini Ami Dhaw alikuwa kinyume, akisifiwa alizidi kulisimamia. Akaapa kwamba katika Gabes nzima hakuna tembo linalogeuka upesi na kwa ukali kama lake, kuanzia saa nne mtu asiendeshe hata punda. Wakili Ibtihal akafumba macho.

Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua. Mezani pake palikuwa na chupa ya maji, na miwani yake ilikuwa imeshuka puani. Bi Zazia aliitwa. Akaapishwa. Akasimama mbele ya meza ile, mkoba kifuani, akaiona chupa, akaiona miwani, kama zile za mtahini alizoziona mara nne kabla.

Hakimu akamwuliza kuhusu chupa iliyolia, akajibu. Akamwuliza kuhusu mafuta aliyokanyaga, akajibu. Kisha akafunga jalada, akajifuta pua, na kumwuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kumalizia.

"Mama, ndani ya gari la kujifunzia, dereva ni nani?"

Lamjed, safu ya pili, akakohoa. Bi Zazia akamtazama Lamjed. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa ameinama, anaangalia mikono yake. Mji mzima ulijua jibu alilofundishwa kwa kinyozi, na mji mzima ukangoja.

Bi Zazia hakuwa mtu wa kumtosa mtu. Alimpenda yule mzee, aliyempigia kelele saa mbili na kumsifu saa tano, na ambaye katika miaka miwili hakumwambia hata siku moja kwamba ameshazeeka kwa mambo haya. Lakini ameapa. Na swali hilo alikuwa amelisubiri miaka miwili, mtahini asimwulize hata mara moja, na jibu lake alilijua kuliko jina la baba yake. Akafumba macho. Akanyosha mgongo.

"Mwenye breki ndiye dereva," akasema, sauti ikajaa chumba. "Mwanafunzi ni abiria aliyeshika usukani. Gari likielekea penye hatari, wa kulisimamisha ni mwalimu, na akilala mwalimu, gari halina dereva."

Neno kwa neno. Hakuruka hata moja, hakuuliza mtu yeyote anakwenda wapi. Na Mwalimu Belgasem, aliyekuwa ameinama na kesi yake na aibu yake, akainua kichwa. Nawaambieni ukweli, hakukumbuka leseni. Hakukumbuka mahakama. Alimwona mwanafunzi wake aliyeanguka mara nne amesimama mbele ya meza na chupa ya maji na hakutetereka, na furaha ikampanda kifuani akashindwa kuizuia.

"Sahihi," akasema kwa sauti. "Sahihi kabisa, Bi Zazia."

Ibtihal akaweka kalamu chini. Hakimu akamtazama mshitakiwa muda mrefu juu ya miwani, kisha akamgeukia karani na kumwambia aandike kwamba mshitakiwa amekubali.

Leseni ilifungiwa mwaka mmoja. Faini ikawekwa, na kifungo cha mwezi ambacho hatakitumikia mradi asirudie. Alipoulizwa kama ana la kusema, mwalimu alisimama akaomba radhi, tena vizuri, kwa hakimu, kwa baraza la mji kwa ajili ya maua yao, kwa wote waliosoma saa tano. Hakimu akasema laiti angeanza na hayo. Nje mlangoni Bi Zazia alikuwa analia, akasema amemwua mwalimu wake. Yeye akamwambia aache kulia na akajiandikishe mtihani kesho, kabla jibu halijapoa.

Shule ikafungwa. Chokaa ilikuwa nyepesi, na wiki ya pili yale maneno mekundu yakaanza kutokeza upya, kwanza BREKI, halafu yote. Mwalimu akawa anashinda kwenye kiti mlangoni kuyalinda, hana cha kufanya. Ami Dhaw akimpitishia kikombe alfajiri hunywa hapo hapo amesimama, akarudisha kikombe, na chupa hachukui.

Mwezi mmoja baadaye gari la kubebea mizigo likasimama mbele yake, karibu na ukingo, bila kugusa. Bi Zazia alikuwa usukanini, kajifunga mkanda. Mtihani wa maswali alikuwa amefaulu, na ule wa barabarani pia, mara ya kwanza, kwa mwalimu mwingine wa mtaa wa Menzel. Alikuwa anakwenda Matmata kwa dada yake na njia ya milimani ina kona, akaona si vibaya akiwa na mtu. Mwalimu alitaka kusema hapana. Bi Mabruka akamletea koti.

Akapanda kiti chake cha siku zote, upande wa kulia, maana kwetu usukani uko kushoto, akafunga mkanda, akarekebisha kioo kisichomhusu. Wakaondoka. Alimwona anaangalia kioo kabla ya kukata kona, akajizuia asiseme kitu. Walipoukaribia mzunguko wa Mtungi, maua mapya yamepandwa, lori likatokea kushoto kwa kasi, na mguu wa kulia wa mwalimu ukashuka wenyewe kwa nguvu sakafuni. Hapakuwa na kitu pale, ila zulia la mpira. Akakanyaga tena, akakanyaga tena.

Gari lilikuwa limeshasimama, taratibu, mahali pake. Lori likapita.

"Ondoa mguu, mwalimu," akasema Bi Zazia bila kugeuka. "Gari hili lina breki moja."